Vikapu Viwili Juu ya Sakafu ya Dagaa

Vijana wangu wa Buhongwa mnaocheza kikapu jioni, huwa nawaona. Napita hapo nikitoka dukani, nasimama kidogo kwenye uzio kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, kisha naondoka kabla hamjanisalimu. Juzi mmoja wenu aliniwahi.

"Shikamoo mzee. Eti ni kweli ulikuwaga kocha?"

"Marahaba. Ni kweli."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili. "Kocha wa nini?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu lake ni refu kuliko muda aliokuwa nao, maana wenzake walikuwa wanamwita arudi uwanjani. Kwa hiyo nalijibu hapa. Sitafuata miaka ilivyopangana. Mtu aliyefanya kazi moja kwa muda mrefu hukumbuka makosa kuliko miaka, na kwa upande wa makosa mimi ni tajiri.

Tuanze na sakafu. Ninyi mmezaliwa mkakuta uwanja una mistari ya rangi. Sisi, miaka ile ya Ujamaa, tulikuwa na sakafu ya ghala la pamba lililokufa, kule ufukweni chini ya mawe. Upepo wa ziwa ulichukua paa. Kuta zilichukuliwa na watu wasiojulikana, ingawa kila mtu aliwajua, tofali moja moja, mpaka ikabaki sakafu tupu ya saruji, pana na laini, imelielekea ziwa kama sinia lililosahauliwa nje. Na saruji wakati ule haikupatikana bila kibali, na kibali hakikupatikana bila kumjua mtu. Sakafu nzima iliyolala wazi namna ile haikukosa wachumba. Ilipata watatu.

Wa kwanza walikuwa kina mama wa dagaa. Dagaa ukiwaanika mchangani, mchanga unakuja nao mpaka kwenye sahani, na mumeo anatafuna huku anakutazama. Ukiwaanika kwenye saruji wanakauka safi, wanang'aa kama sindano. Kiongozi wao alikuwa Mama Kulwa, mama mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali ukageuka.

Wa pili tulikuwa sisi, timu ya kikapu ya kiwanda cha kuchambua pamba. Fundi wa kuchomelea alitukunjia nondo mbili zikawa ringi, seremala akatupa mbao za mtumbwi uliochoka, tukasimamisha nguzo, tukajiona tumefika.

Wa tatu alikuwa meneja wa kiwanda chetu, aliyetaka kuiezeka tena aweke mbegu za pamba. Msimchukie. Mbegu zilikuwa zinaoza nje, na alikuwa na haki ya kulalamika. Nawaambia haya mapema ili mjue tunakokwenda: habari hii yote ni ya nani alibaki na sakafu ile.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliamua ugomvi wa wachumba wawili wa kwanza akiwa amekaa juu ya jiwe, anachokonoa meno. Asubuhi mpaka alasiri, dagaa. Jioni, kikapu, na dagaa ambao hawajakauka wabaki upande mmoja. Wachezaji wafagie magamba na kumwaga majivu ili sakafu isiteleze. "Na mvua ikija," akasema, "mkono wowote ulio juu ya sakafu hii ni mkono wa kuanua dagaa. Awe mama, awe mchezaji, awe anapita tu." Hakuna aliyeandika. Hakukuwa na haja, kwa sababu Mama Kulwa alikuwepo.

Sasa mumjue Nestori.

Nestori alikuwa Mfilipino. Kwao aliitwa Nestor, lakini hapa Mwanza hakukaa wiki moja kabla Wahaya hatujampa ile i ya mwisho na kumfanya ndugu. Shangazi yangu, alipoambiwa kuna Nestori anafundisha kikapu, alidhani ni Mhaya mwenzetu, akauliza, "Ni Nestori wa Kamachumu au wa Kanyigo?" Alikuwa mtaalamu wa mpunga, ameletwa Sengerema kufundisha vijiji vya ujamaa kupandikiza miche kwa mstari. Lakini kabla ya mpunga alikuwa mchezaji. Huko kwao kikapu ndicho chandimu yao, mchezo wa kila kichochoro. Alichezea timu ya kiwanda cha sukari, akiwa mfupi kuliko wote, kazi yake kuuleta mpira na kuwagawia warefu. Goti likavunjika. Akawa kocha wa watoto wa shule, akagundua kwamba anapenda kufundisha kuliko alivyopenda kucheza, akaificha siri hiyo kwa muda kwa sababu aliona aibu. Haya alinieleza mwenyewe baadaye, wakati mimi nilipokuwa na aibu hiyo hiyo.

Kiswahili chake alikiokota kwa wakulima wa Sengerema, kwa hiyo alizungumza kama Msukuma aliyepotelea Asia. Siku ya kwanza alivuka na kivuko kufuata vipuri mjini, akaona ringi zetu kwa mbali, akazifuata. Alipofika akakuta wingu limetanda na sisi tunakimbia huku na huku, mpira umetupwa kando, wanaume wazima na raba zao wanakusanya dagaa kwenye makarai. Akasimama. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mama Kulwa akaweka karai chini, mikono kiunoni. "Huyu Mchina anatucheka sisi?"

"Mama, shikamoo," akasema yule mgeni, anafuta machozi. "Mimi si Mchina. Na siwacheki. Kwetu uwanja wa kikapu tunaanikaga mpunga."

Tukamzunguka. Akaeleza kwamba kijijini kwao saruji ilikuwa sehemu moja tu, uwanja wa kikapu mbele ya kanisa. Mavuno yakija, mpunga unaanikwa pale, watoto wanabakiwa na upande mmoja wa kuchezea. Ukipiga mpira ukaangukia mpunga, bibi yeyote aliye karibu anakuchapa kwa ufagio, hata kama si bibi yako. Na mvua ikija, mechi inasimama, wote mnaanua.

Mama Kulwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi karai. "Basi huyu ni mtu," akasema. "Kona ile bado."

Toka siku hiyo Nestori alivuka kila Ijumaa akiwa na tope la Sengerema kwenye suruali, akarudi Jumatatu na vumbi letu la majivu.

Nahodha wetu alikuwa Masanja, mpakiaji wa marobota ya pamba. Mtu akishazoea kubeba robota, mpira kwake ni kama chungwa. Alikuwa mpole, haongei sana, lakini akiongea unatamani angenyamaza. Mimi nilikuwa ofisini, nimetoka Chuo Kikuu na digrii ya uchumi, na zaidi ya hapo ni Mhaya. Masanja alisema mizigo hiyo miwili haibebwi na mtu mmoja bila kuyumba.

Mafunzo ya Nestori mengine mtayacheka. Mpira wetu ulikuwa umeshonwa na fundi viatu mara nyingi mpaka ukaota kibiongo. Ukiudunda, unakwenda unakotaka wenyewe. Wengine wangelia wapewe mpira mpya, na sisi tulilia, lakini mpira mpya ulikuwa unapatikana kama sukari, yaani kwa kusikia. Nestori akasema vizuri sana, basi timu hii haitadunda. Tutapasiana. Kibiongo hakina madhara mpira ukiwa hewani. Tukawa timu inayopasiana kuliko zote kanda ya ziwa, na watu waliotuona walidhani ni falsafa.

Kuhusu upepo: alasiri upepo unatoka ziwani. Ukiwa unashambulia kuelekea mjini, mpira uurushe juu, upepo unausukuma kikapuni. Ukielekea ziwani, piga chini, nguvu, ubao ukusaidie. Mkicheza nje, msidharau jambo hilo. Siku hizi naona mnatazama simu kujifunza mitupo ya wachezaji wanaocheza ndani ya majumba. Tazameni, si vibaya, lakini mjue mule ndani hakuna ziwa.

Na kuhusu ulinzi, alitupeleka Sengerema.

Hatukujua tunakwenda kufanya nini. Tulidhani kuna mechi, mimi nikavaa shati jeupe. Tukafika kwenye majaruba ya mpunga ya kijiji, maji mpaka kwenye mashavu ya miguu, akatugawia miche. "Mlinzi mzuri," akasema, "anakwenda kinyumenyume, kiuno chini, miguu haipishani, na anatazama mbele. Huko mnamwita mlinzi. Hapa tunamwita mpandikizaji. Haya."

Masanja aliyekulia kwenye mpunga wa mama yake alirudi kinyumenyume kama anayefuta ubao. Mimi nilisimamia nadharia. Nilikuwa naeleza wenzangu kwa nini uzito unapaswa kuwa kwenye vidole, tope likanishika kisigino, nikaketi. Baada ya kuketi nikalala.

Kina mama wa kijiji waliangusha miche yao kwa kicheko. "Jamani, msomi kajipanda mwenyewe!" mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni," akasema mwingine, "labda ataota wengi."

Lakini ulinzi tulijifunza. Mpaka leo nikiona mlinzi anapishanisha miguu natamani kumtafutia jaruba.

Sasa nifike kwenye kupanda cheo kwangu, ambako wakati ule nilikuona kushuka.

Nilikuwa mchezaji mzuri. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na nilikuwa na hoja za kutetea. Tatizo langu ni kwamba nilicheza nikizungumza. Nilimwambia kila mtu asimame wapi, kwa nini, na nini kingetokea asiposimama. Wakati namwambia, mtu niliyepaswa kumlinda alikuwa ameshafunga. Jioni moja Nestori akapuliza filimbi.

"Deo. Wenzako wanapumua, wewe unahutubia."

"Nawaelekeza, kocha."

"Najua. Na unawaelekezaga vizuri. Ndio maana nakutoa. Mdomo wako unajua kikapu, miguu yako haijui. Njoo ukae hapa, tuutumie mdomo."

Masanja akasema taratibu, "Kocha, na mimi nilikuwa nafikiria hivyo tangu mwaka juzi."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamweleza mke wangu, Paulina, jinsi nilivyodhalilishwa mbele ya wapakiaji. Alikuwa anachambua mchele. "Mbona mimi ningekuambia zamani," akasema, "ila hukuniuliza."

Hapo ndipo Nestori aliponieleza habari za goti lake na aibu yake. Tulikaa kwenye benchi, ambalo lilikuwa ubao juu ya mawe mawili. Akaniambia mchezaji anauona mpira, kocha anauona uwanja, na kocha wa sakafu yetu lazima auone na anga. Akanipa kazi mbili: kuongea, na kutazama mvua. Mwisho wa juma nilikuwa msaidizi wake, siku za kazi nilikuwa kocha, kwa sababu yeye alikuwa ng'ambo na mpunga wake.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Mvua ya ziwa haiji kwa adabu. Kwanza upepo wa ziwani unakatika, kunakuwa kimya kama mtu amefunga mlango. Kisha unarudi wa baridi kutoka upande mwingine. Ukiusikia huo shingoni, una muda wa kuchemsha chai, huna muda wa kuinywa. Hapo ndipo nilipaswa kuita, "Dagaa!" na kila mtu alikuwa na mahali pake. Masanja kona ya ziwa. Wawili kwenye turubai. Wengine makarai na fagio. Nestori alilifanyia mazoezi jambo hilo kama mpango wa ushindi. Tulikuwa tunapasiana tumetulia kabisa, jua linawaka, naye ananiminya kiwiko: "Ita." Nikiita, mpira unaachwa hapo hapo ulipo. Aliyefunga kwanza ndipo akakimbia, alizungushwa sakafu mpaka apewe ruhusa na Mama Kulwa kusimama.

"Kuna mechi nyingi," alikuwa akisema Mama Kulwa, anawatazama wakizunguka. "Dagaa wa leo ni wa leo."

Ilipofika mwaka ambao mkataba wa Nestori ulikuwa unaisha, meneja wetu alipeleka maombi yake juu. Mkuu wa wilaya akaja, akasimama katikati ya sakafu na suti yake ya mikono mifupi, akatusikiliza wote. Kina mama wakasema, sisi tukasema, meneja akasema. Balozi akachokonoa meno.

"Ndugu zangu," akasema mkuu wa wilaya, "kuna timu ya Dar inapita huku, itacheza na ninyi Jumamosi. Nitakuja kutazama. Nikiona sakafu hii ina faida kwa wananchi, itabaki ilivyo. Nikiona ni watu wazima wanakimbizana, Ndugu Meneja aanze kujenga Jumatatu."

Sisi tulielewa hivi: tukishinda, sakafu inabaki. Hakusema hivyo, lakini mchezaji akisikia neno mechi, masikio mengine yanaziba.

Jumamosi ile ilikuwa kipindi cha giza, mwezi haupo, na kama mnavyojua ndipo dagaa wanapovuliwa kwa wingi. Mitumbwi ilikuja imezama mpaka ukingoni. Nikamwendea Mama Kulwa asubuhi kwa unyenyekevu wote wa digrii yangu.

"Shikamoo mama. Leo tunaomba sakafu iwe wazi mapema. Mechi ni saa kumi."

"Marahaba. Dagaa hawajui saa kumi."

"Mama, tukishindwa leo wanaezeka. Utaanika wapi?"

Akafikiri. Alinitazama jinsi anavyotazama dagaa aliyekauka upande mmoja. "Tutawasogeza pembeni. Nje ya mistari yenu ya mkaa, kuzunguka pande zote. Mpira wako ukiwagusa, nitaingia mwenyewe."

Kwa hiyo tulicheza mechi kubwa kuliko zote katikati ya fremu ya dagaa. Watu wa Dar walifika na raba nyeupe, jezi zinazofanana, na mpira wao wa duara kamili. Walituruhusu tuuzoee. Masanja akaudunda mara moja, ukarudi mkononi mwake, akaushangaa. "Huu hauna akili zake wenyewe," akasema. Walikuwa na mchezaji mmoja mrefu kiasi kwamba Masanja alimwita Mnara, na jina likamshika.

Nestori hakukaa kwenye benchi. Alikwenda kukaa kwenye mkeka na kina mama, anatafuna karanga. Nilimfuata. "Kocha, unakaa huku?"

"Leo kocha ni wewe. Mimi mgeni. Jumanne napanda treni."

Sitawachosha na mechi yote. Mwanzoni walitukimbiza. Mnara alikuwa anachukua mipira kama anachuma mapera. Lakini kadiri majivu yalivyopungua, sakafu ikaanza kuteleza, na sisi hatua zetu zilikuwa fupi kwa mazoea, zao zilikuwa ndefu kwa fahari. Mmoja wao aliteleza akakomea hatua mbili kutoka kwenye dagaa. Mama Kulwa alikuwa ameshanyanyuka. Tulipobadilisha upande tukapata upepo mgongoni, nikawaambia warushe juu. Mipira ikaanza kuingia kama imetumwa. Wapakiaji wenzake Masanja waliimba. Meneja alikuwa amekaa karibu na mkuu wa wilaya, na nilimwona, maskini, akipiga makofi halafu akakumbuka.

Ikafika mwisho. Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira ulikuwa mikononi mwa Masanja, na refa alikuwa ameshaitazama saa yake. Hatukuhitaji kufunga. Tulihitaji kupasiana tu, kitu pekee tulichokuwa tunakijua duniani, mpaka filimbi. Nilisimama nimwambie Masanja ampasie aliye kushoto.

Upepo ukakatika.

Nikasikia kimya kile cha mlango uliofungwa. Kisha baridi shingoni. Nilifungua mdomo niseme "Pasi kushoto!" na kilichotoka, kwa sauti yangu nzuri ya mihadhara, kilikuwa:

"Dagaa!"

Masanja akauweka mpira chini. Hakuutupa. Aliuweka taratibu, kama yai, akakimbilia kona ya ziwa. Wenzake wanne wakamfuata, kila mmoja mahali pake. Wachezaji wa akiba walikuwa wameshafika kwenye turubai. Watu wa Dar walibaki wamesimama katikati ya sakafu tupu, wanatazamana. Mnara akauokota mpira. Akamtazama refa. Refa akatazama saa, akatazama mbingu, akainua mabega. Mnara akatembea, natumia neno hilo kwa makusudi, akatembea mpaka kwenye ringi yetu, akaudumbukiza. Filimbi ikalia.

"Mechi imeisha?" akauliza, kama mtu aliyeambiwa aondoke na kuku wa jirani.

"Wewe mrefu!" Mama Kulwa akamfokea. "Umeshafunga. Sasa shika turubai huku!"

"Mama, mimi mgeni."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu tumeihamishia leo. Shika!"

Akashika. Urefu wake ulifaa sana, alifunika kona nzima peke yake. Wenzake wakaona aibu kusimama, wakaingia. Nestori alikuwa anafagia kinyumenyume, kiuno chini, miguu haipishani. Mama Kulwa akageuka akamwona mkuu wa wilaya amesimama bila kazi.

"Ndugu Mkuu, karai lile pale."

Mkuu wa wilaya alimtazama meneja kama anayetafuta ushauri. Meneja alikuwa ameshapita na kapu kichwani, amelikimbilia turubai. Nadhani mkuu alikumbuka hotuba zake zote za kufanya kazi bega kwa bega. Akainama, akachukua karai.

Mvua ikashuka. Tulilowa wote, mpaka na refa. Dagaa walikuwa chini ya turubai, mawe pembeni, wakavu.

Refa alitangaza matokeo tukiwa tumejikunyata: tumeshindwa kwa pointi moja. Hakuna aliyeshangilia, hata wa Dar. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ubao wangu, maji yananitiririka, nahesabu kwamba kwa neno moja nimepoteza mechi, sakafu, na kazi niliyoanza kuipenda. Nestori akaja akakaa. Nikangoja anipasulie.

"Deo," akasema. "Umechelewa kidogo kuita. Kona ya ziwa ilishaanza kupata matone."

Jumatatu tulikusanywa pale pale. Meneja alisimama, akasema kwa heshima kwamba timu imeshindwa, kwa hiyo anaomba kuanza kujenga. Mkuu wa wilaya akakohoa.

"Mimi sikusema washinde. Nilisema nione faida. Niliwaona wananchi, wenyeji na wageni, wanaacha ushindi wanakimbilia chakula. Mimi mwenyewe nilibeba karai, na sikumbuki nilikubali saa ngapi." Watu wakacheka. "Ndugu Meneja, kibali cha saruji nitakutafutia, ujenge ghala lako kule kiwandani. Sakafu hii ni ya kikundi cha kina mama wa dagaa."

Vigelegele. Sisi wachezaji tulisimama upande wetu kama watu waliokuja harusini bila kadi. Hakuna aliyetutaja. Masanja ndiye aliyeuliza, "Na sisi?"

Mkuu wa wilaya akasema, "Sakafu si yangu tena. Waulizeni wenyewe."

Mama Kulwa alitutazama mmoja mmoja. Alichukua muda wake. Najua sasa kwamba alikuwa ameshaamua, alikuwa anafurahia tu.

"Hawa ni wangu," akasema. "Watacheza jioni kama kawaida. Ila yule msomi asirudi kucheza. Akae pale pale pa kutazama mvua."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Wengine walipewa ukocha na chama cha mchezo au na shule. Mimi nilipewa na mama wa dagaa, na nilikaa pale mpaka nywele zikabadilika rangi. Tulishinda mechi nyingi baadaye, tukashindwa nyingine, nikafundisha vijana waliofika mbali kuliko mimi. Sikupata tena mechi iliyotazamwa na mkuu wa wilaya, na sikuitafuta. Kwa hiyo kijana uliyeniuliza kocha wa nini, jibu ni hilo: wa kikapu, na wa mawingu. Ukiniona siku moja hapo kwenye uzio wenu nimenyanyua shingo ghafla katikati ya mechi, usidhani nimeumwa.

Jumanne tulimsindikiza Nestori stesheni. Mama Kulwa alimletea gunia dogo la dagaa, wale wale wa Jumamosi, limeshonwa vizuri mdomoni. Nestori alilipakata kama mtoto. Akanipa filimbi yake bila hotuba, kwa sababu hotuba alijua ni kazi yangu.

Treni ilipopiga honi, Masanja akasogea dirishani. Uso wake ulikuwa na jambo.

"Kocha, huko kwenu utawaeleza nini kuhusu mechi ya mwisho? Usiwaambie tulishindwa hivyo. Watatucheka."

"Nitawaambia kama ilivyokuwa. Tulikuwa tunaongoza, mvua ikaja, tukaanua."

"Watacheka."

Nestori akatikisa kichwa, gunia kifuani, treni inaanza kuondoka.

"Hawatacheka. Wataniuliza tu kama dagaa walipona."